Namna ya kutengeneza fomu za ruzuku na ripoti ambazo asasi ndogo inaziweza

Hii naiandikia watu wanaotoa ruzuku, yaani maafisa ruzuku, wahasibu wa mifuko, mameneja wa mashirika makubwa wanaopokea hela kwa mfadhili afu wanazigawa kwa asasi za chini, na wajumbe wa bodi wanaopitisha zile fomu bila kuzijaza hata siku moja. Watu wa asasi nao wasome, kuna kipande chao kule chini, ila kazi kubwa iko kwa mwenye hela kwa sababu ndiye anayeandika masharti.

Msimamo wangu ni mmoja. Kila swali unaloweka kwenye fomu na kila karatasi unayodai kwenye ripoti ina gharama, na gharama hiyo inabebwa na asasi, mara nyingi kabla haijaona hata shilingi yako. Kwa hiyo ukitaka kuuliza, lipia. Kama huwezi kulipia, futa swali.

Anza na hesabu

Chukua ruzuku yako ya kawaida uipigie hesabu. Namba zangu hapa ni za mfano, weka zako. Tuseme unatoa shilingi milioni 15 za Tanzania kwa mwaka kwa kila asasi, asasi 10, jumla milioni 150. Fomu yako ina kurasa 18 na viambatisho 11. Asasi ikiijaza kwa umakini, afisa miradi anakula siku 6, mhasibu siku 2 za bajeti, na katibu siku nzima ya kuzunguka kutafuta saini na mihuri. Siku 9. Wakiomba 200, hizo ni siku 1,800 za kazi, mtu mmoja angezimaliza kwa zaidi ya miaka 7. Hata ukisema siku moja ni elfu 30 tu, hiyo ni milioni 54. Yaani ili wewe ugawe milioni 150, asasi zimechoma nguvu ya milioni 54, na 190 kati ya hizo 200 zimerudi mikono mitupu.

Haya, njoo kwa zile 10 zilizopata. Ripoti kila robo mwaka, kila moja siku 6 ukijumlisha afisa na mhasibu, kwa mwaka siku 24, hiyo ni laki 7 na elfu 20. Ukaguzi wa hesabu wa mradi peke yake, tuseme milioni 2. Ongeza laki 2 na elfu 70 za kuandika maombi. Milioni 15 imekuwa 12, na bado hatujafika kijijini. Marekani hili walianza kulipigia kelele kwa sauti mwaka 2008 kupitia kampeni ya Project Streamline: usiangalie ruzuku iliyoandikwa kwenye mkataba, angalia inayobaki baada ya kutoa gharama ya kuitafuta na kuiripoti. Mimi naona kila mfuko ungekuwa na hiyo namba ukutani.

Na wanaokosa uwahesabu pia, maana ndo wengi siku zote. Yield Giving, mfuko wa tajiri wa Marekani MacKenzie Scott, ilipofungua maombi kwa asasi za Marekani mwaka 2023 waliomba 6,353, na Machi 2024 wakatangazwa washindi 361 waliogawana dola milioni 640. Hela nyingi mno, na bado karibu elfu 6 walikosa. Kwa hiyo urefu wa fomu usiupime kwa mtu atakayeshinda, upime kwa atakayekosa.

Kaa na kila swali, moja moja

Hapa ndo penye kazi yenyewe, usipakimbie. Chapa fomu yako yote kwenye karatasi, kaeni watu watatu, na pembeni ya kila swali andikeni majibu ya mambo haya: nani kwetu anasoma jibu la hili swali? Mzunguko uliopita, jibu lake lilibadilisha uamuzi gani? Na je, tunaweza kulipata sehemu nyingine bila kumsumbua mtu? Swali likikosa msomaji au likikosa uamuzi, lina mstari mwekundu hapo hapo, halijadiliwi.

Utashangaa yanayoanguka. Lile la "mradi utaendeleaje baada ya ufadhili kuisha" kwa ruzuku ya milioni 15 ya miezi 12. Wote wanajibu kitu kimoja, kwamba jamii itaumiliki na halmashauri itaendeleza, na wewe unayesoma unajua, na aliyeandika anajua. Swali kama hilo linawafundisha watu wazima kuandika uongo mzuri. Kama kweli unataka kuendelea kwa kazi, toa ruzuku ya miaka 3, hilo ndo jibu la hilo swali na liko mkononi kwako.

Lingine ni maswali ndugu: lengo kuu, malengo mahususi, matokeo ya muda mfupi, matokeo ya muda mrefu, athari tarajiwa, nadharia ya mabadiliko, halafu fremu ya matokeo yenye yale yale kwenye jedwali. Asasi yenye watu watatu inaandika jambo moja mara saba kwa maneno saba. Uliza hivi: mnataka kufanya nini, na nani, wapi, kwa nini mnaamini itafanya kazi, na mtajuaje kama imefanya kazi? Mtu anayeijua kazi yake anajibu hayo kwa kurasa 2, na asiyeijua hata umpe kurasa 30 hataijua.

Viambatisho ndo balaa zaidi. Katiba, cheti, TIN, barua ya benki, hesabu zilizokaguliwa za miaka 3, wasifu wa watumishi wote, sera ya fedha, sera ya manunuzi, sera ya jinsia, sera ya ulinzi wa mtoto, mpango mkakati. Vyote hivyo kutoka kwa watu 200 ambao 190 utawakatalia! Hivyo vidai kwa wale 15 waliofika mwisho tu. Na hesabu zilizokaguliwa za miaka 3 kwa asasi iliyosajiliwa mwaka juzi hazipo, zisingeweza kuwepo, kwa hiyo hapo umeandika "asasi changa zisiombe" bila kulisema wazi. Kama ndo unachotaka sema, watu wasipoteze wiki.

Dawa inayofanya kazi ni kugawa maombi mara mbili. Kwanza andiko fupi la kurasa 2 na namba moja ya bajeti, jumla tu. Unachuja. Wanaobaki ndo unawaomba andiko kamili, na hao wawe na nafasi ya kweli ya kupata, angalau mmoja kati ya wawili. Ukiwaita 60 kwenye hatua ya pili ili uchague 10 hujapunguza kitu, umeongeza hatua.

Nani anafungiwa mlango na sanduku la usajili

Fomu nyingi za hapa Tanzania zina sanduku moja la "namba ya usajili wa NGO" na lina nyota nyekundu, usipojaza hupiti. Sasa asasi zetu hazikuzaliwa mlango mmoja. Kuna zilizosajiliwa chini ya Sheria ya NGO ya 2002, kuna jumuiya, kuna zilizosajiliwa kama wadhamini kwa RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini, kuna vikundi vya kijamii vinavyotambuliwa na halmashauri tu, na Zanzibar wana sheria yao na msajili wao. Kikundi cha akina mama wa Pemba kinaweza kuwa kimekamilika kisheria na bado kompyuta yako ikakikatalia. Weka orodha ya aina za usajili unazokubali, na kwa vikundi visivyoweza kupokea hela moja kwa moja eleza kama vinaweza kupitia asasi mwenyeji, na masharti yake yapi.

Na kumbuka serikali nayo inadai. Kila mwaka NGO inapeleka kwa Msajili taarifa ya kazi na hesabu zilizokaguliwa, inalipa ada, na kanuni za 2018 zilileta sharti kwamba ukipokea fedha inayozidi milioni 20 utangaze hadharani mapato na matumizi na upeleke mkataba kwa Msajili na Hazina ndani ya siku 10. Kwa hiyo mfadhili unayetoa milioni 21 ujue hiyo milioni ya juu inakuja na kazi yake, weka gharama ya kutangaza kwenye bajeti, na mkataba uutume ukiwa na saini zote siku hiyo hiyo ili mwenzako asianze kukimbizana na tarehe.

Fomu ya mtandaoni

Ijaze mwenyewe. Sio kwenye kompyuta ya ofisini yenye intaneti ya nyaya, nenda steshenari ya stendi yoyote ya wilaya, au tumia simu yako na bando la kawaida, uone. Utaona potali inayokutoa nje baada ya dakika 20 na ulichoandika kimefutika. Utaona kiambatisho kisizidi MB 2 wakati katiba iliyoskaniwa pale steshenari ni MB 14 na yule kijana hajui kuipunguza. Utaona swali la 23 lisilofunguka mpaka umalize la 22, kwa hiyo mwenyekiti hawezi kujua kinachokuja akajiandaa.

Kwa hiyo: maswali yote yawekwe wazi kwenye faili la Word tangu siku ya kwanza, potali ihifadhi rasimu yenyewe, picha ya simu ya nyaraka ikubalike, na kuwe na njia ya barua pepe kwa anayeshindwa. Mwanzoni kabisa weka maswali matano ya ndiyo au hapana, eneo, aina ya usajili, bajeti ya mwaka, umri wa asasi, aina ya kazi, mtu ajue ndani ya dakika 3 kama anastahili au asipoteze muda.

Saa ya mwisho iandike kwa saa za huku. Tangazo linasema "saa 11 jioni ya Washington", watu wanapiga hesabu vibaya, maana kwa Dar hiyo ni saa 6 usiku na majira yao yakibadilika inakuwa saa 7. Na usifunge Ijumaa usiku wa manane. Funga Jumanne saa 10 jioni, siku ambayo kuna mtu ofisini anapokea simu, kwa sababu mitandao huelemewa saa za mwisho na mtu anahitaji wa kumwambia. Wape wiki 6 tangu tangazo mpaka kufunga. Wiki 2 maana yake umewaita wale wenye andiko tayari kwenye droo, na hao ni wakubwa.

Sema pia utatoa ruzuku ngapi, za kiasi gani, na lini utajibu. Afu ujibu tarehe hiyo. Waliokosa wape sababu mbili tatu za kweli kutoka kwenye alama zao, hata mistari mitatu, kwa sababu wamekupa siku 9 za maisha yao.

Lugha

Pokea Kiswahili. Sio "pia tunaweza kupokea", hapana, tangazo lenyewe liwe Kiswahili, fomu Kiswahili, mkataba Kiswahili, mafunzo Kiswahili. Foundation for Civil Society pale Dar imekuwa ikipokea maandiko ya Kiswahili kwa hiyo hili linawezekana na halijamwua mtu. Ukidai Kiingereza, unachopima ni nani ana mtu aliyesoma Kiingereza cha wafadhili au hela ya kumlipa mshauri wa kuandika. Kuna washauri wanaoishi kwa kazi hiyo, na andiko lao linang'aa, na asasi yenyewe ukiipigia simu haijui kilichoandikwa ndani. Kama bodi yako inasoma Kiingereza, tafsiri ni kazi yako na bajeti yako. Kenya hivyo hivyo, asasi ya Kwale au Lamu inayofanya mikutano yake yote kwa Kiswahili haina sababu ya kuomba kwa lugha nyingine kwa mfuko ulioko Nairobi.

Bajeti, na hasa zile gharama wanazoziita za ofisi

Kodi ya pango, umeme, mhasibu, ukaguzi, intaneti. Mfadhili anataka mradi lakini hataki kulipa kodi ya chumba mradi unapokaa. Matokeo yake asasi zinaficha: mhasibu anaandikwa "mratibu wa takwimu", pango linaandikwa "ukumbi". Ukiweka kiwango kisichowezekana unawafanya watu waaminifu waonekane wahalifu siku ya ukaguzi.

Dunia imeshaanza kusogea hapa kwa hiyo una pa kushika ukiongea na bodi yako. Serikali ya Marekani kwenye kanuni zake za ruzuku za 2024, zilizoanza kutumika 1 Oktoba mwaka huo, ilipandisha kile kiwango ambacho asasi inaweza kuchukua kwa gharama za uendeshaji kutoka asilimia 10 mpaka 15, na bila kudai nyaraka za kukithibitisha. Ford Foundation, mfuko mkubwa wa Marekani, ilitoka 10 ikaenda 20, afu ikaenda 25. Wewe anza na 15 kama namba moja tu, bila mchanganuo, bila risiti. Na ruhusu kuhamisha mpaka asilimia 10 au 15 kati ya mafungu bila kuomba kibali, kwa sababu mafuta yanapanda, nauli zinapanda, na barua ya kuomba kuhamisha laki 3 inapita meza nne.

Kama bajeti ni ya dola, andika kwenye mkataba nani anabeba hasara shilingi ikiyumba. Usipoandika, anabeba mdogo.

Ripoti

Kanuni ya kwanza naomba uishike hata ukiacha nyingine zote: saa ya ripoti ianze kuhesabika siku hela ilipoingia kwenye akaunti. Mkataba unasema mradi unaanza Januari, ripoti ya kwanza 15 Aprili. Hela inaingia 20 Machi kwa sababu kwenu kuna mtu alikuwa likizo. Na 15 Aprili inabaki pale pale! Asasi imekopa kwa mwenyekiti ili ianze kazi, imekimbiza mikutano mitano kwa wiki tatu, imeandika ripoti ya robo mwaka ambayo ni ya siku 25. Halafu unaambiwa matumizi yako chini ya kiwango na awamu ya pili inasubiri maelezo. Haki hapo ni rahisi, ukichelewa wewe siku 60, na tarehe zote zinasogea siku 60, iandikwe kwenye mkataba isiwe hisani.

Ukubwa wa ripoti ufuate ukubwa wa hela. Mimi ningeweka hivi: chini ya milioni 10, simu moja ya dakika 40 na ukurasa mmoja wa fedha mwishoni. Kwenye hiyo simu afisa wako ndiye anayeandika, anauliza kilichofanyika, kilichogoma, walichojifunza, wanachohitaji, anaandika kurasa 2, anatuma WhatsApp kwa asasi wathibitishe, ndo ripoti hiyo. Milioni 10 mpaka 50, ripoti mbili kwa mwaka. Zaidi ya hapo zungumzeni. Ripoti ya robo mwaka kwa milioni 15 haina utetezi. Na ripoti ya mwezi ni ya kampuni ya ujenzi, kazi ya kubadilisha tabia za watu haionekani kwa siku 30.

Kama mnaogopa kuandika templeti, yaani kiolezo cha ripoti, wenyewe, msianzie sifuri. Wafadhili na mashirika ya misaada ya dharura walipokubaliana Grand Bargain kule Istanbul Mei 2016, waliahidi pia kurahisisha ripoti, na kilichotoka ni templeti inayoitwa 8+3, maswali 8 ya msingi kwa kila mtu na mpaka 3 ya nyongeza ambayo mfadhili anachagua. Ilijaribiwa Iraki, Myanmar na Somalia. Ikiwa ripoti ya kazi ya dharura Somalia inaweza kuingia kwenye maswali 11, ripoti ya mafunzo ya ushonaji Singida inaingia bila kusukumwa.

Bora zaidi, pokea ripoti iliyoandikwa kwa mtu mwingine. Asasi ina wafadhili wanne, kila mmoja ana templeti yake na viashiria vyake, mmoja anahesabu kijana mpaka miaka 24, mwingine mpaka 35. Pale pale kuna ripoti moja nzuri ya mwaka iliyopelekwa kwa Msajili. Isome hiyo, uliza kisichokuwemo kwa simu. Kwenye upande wa kuichunguza asasi kabla ya kuipa hela, UNICEF, UNHCR na WFP walishafanya kitu cha aina hii mwaka 2018, walianzisha potali moja ya wabia ambapo asasi inaweka taarifa zake mahali pamoja badala ya kumpelekea kila shirika la UN faili lake. Wafadhili wanaokaa mtaa mmoja Masaki hawashindwi na hilo.

Na ripoti ikifika, jibu. Ndani ya wiki 2, mtu asaini kwamba ameisoma na aseme kitu kimoja alichokiona ndani. Asasi ikigundua ripoti hazisomwi inaanza kunakili ya mwaka jana, na hapo mmekosa wote.

Risiti

Hapa patakuuma kichwa kama mhasibu wako ni wa mjini. Bodaboda kutoka barabara kuu kwenda kijijini, elfu 12 kwenda na kurudi, hana mashine ya EFD, ile ya kutoa risiti za kodi, na mfanyabiashara mdogo aliye chini ya kiwango cha kodi halazimiki kuwa nayo. Mama ntilie aliyepika chakula cha watu 40 hana. Mwenye godauni la kijiji walipokaa kikao hana. Ukidai risiti ya EFD kwa kila kitu, asasi ina njia mbili: ilishe watu hotelini mjini kwa bei mara tatu, au itafute duka "rafiki" la kutoa risiti ya kitu ambacho hakikununuliwa hapo. Sharti lililowekwa kuzuia udanganyifu ndo linaloutengeneza.

Weka kizingiti. Chini ya elfu 50 kwa malipo moja, vocha ya malipo ya asasi inatosha, yenye jina, kazi, tarehe, kiasi, saini au dole gumba, na shahidi mmoja. Juu ya hapo kubali ujumbe wa malipo ya simu ukiambatana na vocha, maana muamala wa simu una namba, saa na jina lililosajiliwa, kuufoji ni kazi kuliko kujaza kitabu cha risiti cha dukani. Nyaraka zibaki kwa asasi, wewe chukua muhtasari na taarifa ya benki, afu chagua miamala 15 bila kuwaambia mapema na uombe hiyo tu. Hakuna sababu ya mtu kuskani kurasa 400 kila robo ili zikae kwenye folda ambayo haifunguliwi.

Kama unataka ukaguzi wa mradi peke yake, ulipie juu ya ruzuku. La sivyo ridhika na ukaguzi wa mwaka wa asasi nzima, wenye ukurasa unaoonyesha hela yako.

Majina ya watu

Acha kudai orodha za mahudhurio zenye jina kamili, namba ya simu, umri na saini kama kiambatisho cha ripoti. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023, Kenya wana yao tangu 2019, na zaidi ya sheria kuna ubinadamu: orodha ya wanaoishi na VVU, ya wasichana waliokimbia ukeketaji, ya walioshitaki ndoa ya utotoni, haitakiwi kusafiri kwenye barua pepe za watu watano ili kuthibitisha kwamba juisi ilinywewa na watu 32. Omba idadi, wanawake wangapi, wanaume wangapi, wenye ulemavu wangapi. Ukitaka kuhakiki nenda siku ya shughuli ukahesabu. Picha za watoto pia, uache.

Kama hela siyo yako

Mashirika makubwa hapa ndo mnajificha. "Sisi tungependa ila mfadhili wetu anadai." Sawa, fungua mkataba wako na mfadhili, weka kidole kwenye kifungu. Mara nyingi utakuta yeye anadai ripoti kila miezi 6, ninyi mkaweka kila miezi 3 ili mpate muda wa kusahihisha, ofisi ya kanda ikaweka kila mwezi ili isikemewe, na asasi ya chini inaandika 12 kwa sababu ya mfadhili anayesoma 2. Kila ngazi imejiongezea usalama wake na imemtwisha wa chini. Chukua sharti la mfadhili lilivyo, usiongeze juu yake isipokuwa kwa sababu iliyoandikwa na kusainiwa na mkurugenzi. Na zile gharama za uendeshaji unazolipwa kwa mradi mzima, zigawe. Wewe umepewa asilimia yako, mbia wako anayefanya kazi ya kijijini anapewa sifuri, hilo halikubaliki.

Na wizi je?

Upo, na hela ya watu wagonjwa ikiibwa inauma. Ila fomu ndefu haimkamati mwizi, kwa sababu mwizi mzoefu ndiye mwenye nyaraka safi kuliko wote. Wanamkamata watu wanaotembelea bila taarifa, akaunti yenye saini mbili za watu wasio ndugu, taarifa ya benki inayolinganishwa na kazi iliyoonekana, na namba ya simu ambayo mwanakijiji anaweza kuipiga. Siku mnazookoa kwa kuacha kusoma kurasa za viambatisho zipelekeni huko. IVAR, taasisi ya utafiti ya Uingereza iliyowakusanya wafadhili tangu 2021 kwenye ahadi nane za kutoa ruzuku kwa uwazi na kuaminiana imeweka kati ya hizo ahadi kukubali kubeba hatari na kudai kinacholingana na ukubwa wa ruzuku. Vyote viwili vinakwenda pamoja, huwezi kuchukua kimoja.

Kwa ndugu zangu wa asasi

Pimeni muda. Kila ombi, andikeni siku mlizotumia na shilingi, muwe na namba mkononi, maana malalamiko bila namba hayafiki kwenye bodi. Mkipata fomu msiyoiweza andikeni barua fupi ya heshima: swali la 14 na la 19 ni moja, je tujibu moja? Mtashangaa mara ngapi jibu ni ndiyo. Ombeni kutumia ripoti mliyokwishaandika. Na mkatae ruzuku ambayo gharama yake inazidi faida, ni ngumu pango likiwa linadaiwa, najua, ila kuna za milioni 3 zinazokula miezi miwili ya mtu. Oneshaneni fomu kwenye mitandao yenu ya wilaya na mkoa, mkilalamika asasi 20 kwa pamoja kwa barua moja hakuna anayeogopa kuwekwa alama peke yake.

Sasa kwa mwenye mfuko, ratiba. Usisubiri mpango mkakati mpya. Mwezi huu fanya lile zoezi la mistari myekundu. Mwezi ujao walipe asasi 4 ndogo, laki moja na nusu kila moja, wakae waijaze fomu mpya mbele yako na waseme wazi inapowakwaza, na wawe watu ambao hawaombi kwako mzunguko huo ili waseme bila woga. Mzunguko unaofuata tumia fomu mpya, mwishoni uliza swali moja tu lisilohusiana na alama: umetumia saa ngapi kujaza hii? Tangaza wastani wake kwenye tangazo linalofuata.

Na mradi ukiisha, ndani ya siku 30 baada ya ripoti ya mwisho, mtumie asasi barua ya kufunga yenye saini, inayosema hesabu zimepokelewa, hakuna deni, na nyaraka zihifadhiwe kwa miaka mingapi. Kuna asasi zinalipia chumba cha kuweka mafaili ya mradi uliokwisha zamani kwa sababu hakuna aliyewaandikia kwamba umefungwa.